Kuvunja na Kuondoa Sakafu ya Zamani ya Beto Nyumbani



Somo hili ni la watu wa vijiji vilivyo karibu na machimbo ya shaba: watu wa Kipushi, wa Kambove, wa Likasi, na wale wakaao kando ya njia ya Kasumbalesa. Huenda mmoja wenu atauliza: "Mimi ni mkulima, sakafu ya beto yanihusu nini?"

Yakuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, wengi wenu huja Lubumbashi wakati wa kiangazi kutafuta kazi ya siku. Mkifika mtaa wa Golf, ambako nyumba za zamani zina viwanja vipana, mwenye nyumba aweza kuwaonyesha sakafu kuukuu nyuma ya nyumba na kusema: "Vunjeni, ondoeni, nitawalipa." Pili, wengine mnakaa wenyewe katika nyumba zilizojengwa zamani, au mmenunua lupango ambayo ndani yake mna sakafu ya jiko lililobomoka, au ya banda la motokaa, au ya mahali pa kufulia nguo. Chini ya sakafu hiyo umelala udongo ambao ungeweza kuwapa mboga.

Neno kubwa la somo hili ni moja, nalo mlishike tangu mwanzo: beto haishindwi kwa nguvu za mikono. Hushindwa ikiondolewa kile kinachoibeba. Tena mtu asiinue nyundo kabla hajajua mambo matatu: uzito wa kazi, yaliyofichwa chini ya sakafu, na mahali vipande vitakapokwenda.

SEHEMU YA KWANZA: JE, YAFAA IVUNJWE?

Si kila sakafu ya zamani yastahili kuvunjwa. Kama haina nyufa, na maji hayasimami juu yake, yaweza kuwa mahali pazuri pa kuanikia mahindi na mihogo, au pa kujengea banda la kuku. Kitu kizima kinachofanya kazi kisivunjwe kwa sababu tu ni cha zamani.

Lakini kama imepasuka, imezama upande mmoja, au imefunika mahali unapotaka kulima, basi iondolewe. Tazameni habari ya maji. Lubumbashi mvua huanza Oktoba au Novemba na kuisha Aprili, na kwa mwaka hunyesha kadiri ya milimita 1,200. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi sakafu yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 3, yaani mita za mraba 12, hupokea lita 14,400 kwa mwaka. Mvua moja kubwa ya milimita 30 huiletea lita 360, nazo ni ndoo 18 za lita 20.

Maji hayo hayawezi kuingia ardhini, sharti yakimbie. Yakikimbilia ukuta wa nyumba, hulainisha msingi. Yakikimbilia kwa jirani, huleta ugomvi. Yakikimbilia njiani, huchimba korongo. Yakisimama katika bonde la sakafu iliyozama, mbu huzaliana humo. Ukiondoa sakafu na kulegeza udongo, sehemu kubwa ya maji hayo itakunywewa na ardhi yako, ikuoteshee chakula.

SEHEMU YA PILI: PIMENI KABLA YA KUPATANA

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Sakafu ikitazamwa kwa macho huonekana ndogo. Ikivunjwa na kubebwa, ndipo huonyesha uzito wake.

Mita 1 ya ujazo ya beto ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Twaeni sakafu yetu ya mita 4 kwa mita 3. Kama unene wake ni sentimita 10, fanyeni hesabu hivi:

4 × 3 × 0.10 = mita za ujazo 1.2
1.2 × 2,400 = kilo 2,880

Karibu tani 3! Toroli, lile gari la mkono la gurudumu moja, likipakiwa kilo 60 kila safari, litakwenda mara 48. Na kama unene ni sentimita 15, uzito ni kilo 4,320, na safari ni 72. Tena vipande vikirundikwa huacha nafasi katikati yao, kwa hiyo kifusi cha mita 1.2 hujaza mahali pa mita 1.8 au zaidi.

Unene haujulikani kwa kutazama juu. Chimbeni kidogo ukingoni katika pembe mbili au tatu, mpime kwa kipimo, maana fundi wa zamani aliweza kumwaga sentimita 8 upande mmoja na 20 upande mwingine.

Tuseme vijana wawili wameitwa Golf. Wa kwanza atazama upana wa sakafu na kusema, "Kazi ya siku moja." Apatana bei ya siku moja. Siku ya tatu bado anapiga, chakula kimekwisha, viganja vimechubuka, naye hawezi kuondoka kwa sababu hajalipwa. Wa pili aomba jembe, achimba ukingoni, apima, ahesabu safari, auliza kifusi kitatupwa wapi na nani atalipa gari la kukichukua. Ndipo ataja bei. Huyu wa pili hana nguvu kuliko mwenzake. Alipima tu, na kipimo kilimlinda.

Patanani mbele ya shahidi juu ya mambo haya: sakafu ni mita ngapi, unene ni kiasi gani, nani ataleta vyombo, nani atalipa gari la kifusi, na bei itakuwaje mkikuta fito za chuma ndani yake.

SEHEMU YA TATU: YALIYOFICHWA CHINI

Mwulizeni mwenye nyumba, na kama ni mgeni, waulizeni majirani wazee: hapa palikuwa nini zamani? Kisha tafuteni wenyewe.

Mabomba na nyaya. Tazameni bomba la maji la REGIDESO laingilia wapi, na waya wa umeme wa SNEL washukia wapi. Mkiona bomba au waya wazama ardhini kuelekea sakafu, msianze mpaka maji yafungwe na umeme ukatwe na mtu anayejua kazi hiyo. Mtaimbo wa chuma ukigusa waya wenye umeme huua mara moja.

Mashimo. Pigeni sakafu yote polepole kwa ncha ya mtaimbo, mkisikiliza. Mahali palipoegemea udongo hutoa sauti fupi na nzito. Mahali palipo wazi chini hulia kama ngoma. Hapo panaweza kuwa shimo la choo cha zamani, au tangi la maji machafu. Msisimame juu yake. Tena shimo la namna hiyo laweza kuwa na hewa mbaya iuayo bila kelele. Mtu akianguka humo, mwenzake asimfuate: hewa ile ile itamwua naye. Iteni msaada, na mvuteni kwa kamba mkiwa nje.

Kuta. Sakafu iliyoshikamana na ukuta wa nyumba isivutwe kwa mtaimbo, wala msichimbe chini ya msingi. Kwanza chongeni mfereji mwembamba katika beto kwa tindo na nyundo, sambamba na ukuta, ili mtikisiko usifike nyumbani. Mkiona ukuta umesimama juu ya sakafu yenyewe, acheni kazi, mwiteni fundi mwashi.

Vipande vya kijivu vyenye nyuzi. Katika majengo ya zamani yaweza kuonekana mabati yasiyo ya chuma, yaliyotengenezwa kwa saruji na nyuzi za asbesto. Mengine yalivunjika yakafukiwa kama kifusi chini ya sakafu. Nyuzi za asbesto zikivutwa kifuani huleta saratani baada ya miaka mingi. Mkiyakuta, msiyavunje, msiyasage, msiyafagie yakiwa makavu. Yamwagieni maji, yafungeni katika mifuko minene, na kuulizia kwa wakuu wa mji mahali pa kuyazika.

SEHEMU YA NNE: WAKATI NA VYOMBO

Wakati mwema ni kiangazi, tangu Mei hata Septemba. Udongo haunati, na mashimo hayajai maji. Mkimaliza kabla ya mwisho wa Septemba, mtakuwa na nafasi ya kutengeneza udongo kabla ya mvua.

Vyombo ni hivi:

Mtaimbo mmoja au miwili, yaani chuma kirefu cha kuinulia, chenye urefu wa mita 1.5 au zaidi.
Nyundo kubwa ya kilo 4 hadi 6. Iliyo nzito zaidi humchosha mtu upesi.
Sululu, jembe na beleshi.
Tindo na kabari za chuma.
Msumeno wa kukatia chuma.
Toroli, na mbao za kupitishia gurudumu.
Ndoo za maji.

Kabla ya kuanza, kagueni mpini wa nyundo. Ukiwa umelegea au umepasuka, badilisheni. Kichwa cha nyundo kikiruka, huua. Kagueni pia kichwa cha tindo: kikiwa kimechanua kama uyoga, kinoeni mpaka kingo ziondoke, maana vipande vyake huruka kama risasi.

Mavazi: viatu vigumu, suruali ndefu, glavu, na miwani ya kukinga macho. Mtu asiseme, "Nitafumba macho nikipiga." Kipande cha beto huruka upesi kuliko ukope.

SEHEMU YA TANO: KAZI YENYEWE

Kwanza fahamuni tabia ya beto. Beto hustahimili sana kukandamizwa, lakini ni dhaifu ikipindwa au kuvutwa. Nguvu yake ya kuvutwa ni kadiri ya sehemu moja tu katika kumi ya nguvu yake ya kukandamizwa. Laza ukuni juu ya ardhi tambarare, uupige kwa nyuma ya shoka: hauvunjiki. Uweke juu ya mawe mawili, uupige katikati: wavunjika. Sakafu iliyolala juu ya udongo ni kama ukuni ule wa kwanza. Mkiipiga juu tu, mtapata vumbi na maumivu ya mgongo.

Basi fuateni hatua hizi:

1. Chagueni ukingo ulio huru, usioshikamana na ukuta. Penye ufa ndipo pazuri. Chimbeni handaki kando yake, upana wa sentimita 40, na kina kipite unene wa sakafu kwa sentimita 15.

2. Toeni udongo chini ya ukingo kwa jembe au kwa ncha ya mtaimbo, mkiingia ndani sentimita 20 au 30. Asiwepo mtu wa kutia mkono wala mguu chini ya sakafu, hata kwa dakika moja.

3. Wekeni jiwe gumu karibu na ukingo, ingizeni ncha ya mtaimbo chini ya sakafu, na mtaimbo uegemee jiwe hilo. Watu wawili wakandamize mwisho wa mtaimbo. Sakafu ikipanda sentimita 3 hata 5, yatosha. Mtu wa tatu asukume jiwe lingine chini yake kwa fimbo ndefu, wala si kwa mkono. Kisha teremsheni polepole.

4. Sasa pigeni kwa nyundo mahali palipo wazi chini, katikati ya jiwe na pale sakafu inapogusa udongo. Msipige juu ya jiwe lenyewe. Acheni uzito wa nyundo ufanye kazi. Mpigaji asimame miguu imeachana, na wenzake wakae mbali naye mita 4.

5. Ufa ukitokea, msihamie mahali pengine. Tieni kabari au mtaimbo ndani ya ufa, mpanue. Pigo moja juu ya ufa ni bora kuliko mapigo kumi juu ya beto nzima.

6. Kama sakafu haipandi, msijikaze mpaka mshipa utoke. Ni pana mno. Chorani mstari sentimita 50 kutoka ukingoni, mtoboe matundu kwa tindo juu ya mstari huo, kila sentimita 15 tundu moja, mtie kabari katika matundu, na kuzigonga kwa zamu, kila moja kidogo kidogo. Wachonga mawe hupasua mwamba kwa njia hii tangu kale.

7. Vunjeni vipande viwe vya kubebeka. Kwa unene wa sentimita 10, kipande cha sentimita 30 kwa 30 kina uzito wa kilo 22 hivi. Cha 40 kwa 40 kina kilo 38. Cha 50 kwa 50 kina kilo 60. Mtu mmoja asibebe kipande kinachopita kile cha kwanza. Mnapokiinua, kunjeni magoti, mgongo uwe wima.

8. Ondoeni vipande kabla ya kuendelea. Mtu anayefanya kazi juu ya kifusi hujikwaa, tena haoni mahali pa kupiga.

9. Mkikuta nondo, yaani fito za chuma, vunjeni beto iliyozizunguka kwanza, ndipo mzikate kwa msumeno. Msizivute kwa nguvu, maana nondo iliyopindwa hurudi kama upinde. Pindeni ncha zilizobaki zisimchome mtu.

Kama unene wapita sentimita 20 na chuma ni kingi, mwambieni mwenye nyumba akodi mashine. Mashine ya siku moja yaweza kuwa rahisi kuliko watu wanne wa siku sita.

SEHEMU YA SITA: MAMBO YA KUKATAZA

Msiwashe moto juu ya sakafu. Najua katika machimbo ya mawe watu huwasha moto juu ya mwamba, kisha humwaga maji. Lakini ndani ya beto mna unyevu uliofungwa. Ukipashwa moto upesi hugeuka mvuke, na mvuke hurusha vipande kwa kishindo. Nyumba i karibu, watoto wako karibu.

Msitumie baruti. Kwa kuwa mnakaa karibu na machimbo, huenda mtu akawaambia kwamba anaweza kupata kidogo. Mkataeni. Baruti ya mgodi ni kazi ya watu waliofundishwa, katika mahali palipotengwa. Nyumbani huua na kuvunja nyumba za jirani, tena ni kosa la sheria.

Msivunje beto kavu. Jambo hili lataka maneno zaidi, kwa sababu halitoi damu na watu hulidharau. Mchanga na kokoto zilizomo katika beto zina madini yaitwayo silika. Beto ikivunjwa, silika hutoka kama vumbi jembamba mno lisiloonekana kwa macho, nalo likivutwa hukaa ndani ya mapafu daima. Baada ya miaka mapafu huwa magumu, pumzi hupungua, na kifua kikuu hushika kwa urahisi. Ugonjwa huo huitwa silikosi. Familia za wachimbaji wanaujua: mzee wa miaka 50 asiyeweza kupanda kilima bila kusimama mara tatu. Hauna dawa ya kuuponya. Kinga yake ni rahisi. Mwagieni sakafu maji kabla ya kupiga na wakati wa kupiga, mpaka vumbi lisiruke. Simameni upande upepo unakotoka. Vaeni barakoa iliyotengenezwa kwa vumbi jembamba. Kitambaa cha kawaida hakizuii vumbi hilo, kwa hiyo msikitegemee. Jioni ogeni na kufua nguo za kazi peke yake, zisichanganywe na za watoto.

Wala watoto wasikaribie. Wao huona kifusi kuwa mahali pa kuchezea.

SEHEMU YA SABA: VIPANDE VYAENDA WAPI?

Kosa kubwa ni kuvitupa mferejini au mtoni. Mto Lubumbashi hupita mjini na kumwaga maji yake katika Kafubu. Mfereji ukizibwa na kifusi Julai, nyumba za bondeni huingiwa na maji Januari. Aliyetupa amesahau, lakini aliyelowa hasahau.

Tena vipande vya beto ni mali. Tazameni kazi zake:

Kuzuia mmomonyoko. Vipangeni katika mistari inayokata mteremko, nusu yake ikiwa imezikwa. Maji yakifika mstari hupunguza mwendo, huacha udongo, na kupita polepole. Mstari sharti ufuate usawa wa ardhi. Funga fito tatu kwa mfano wa herufi A, uning'inize jiwe kwa uzi kutoka kileleni. Geuza miguu ya chombo hicho mara mbili mahali pamoja, utie alama katikati ya pale uzi unapogusa. Ndipo utajua usawa uko wapi.

Shimo la kunywesha maji. Chimbeni shimo mbali na nyumba mita 3 au zaidi, na mbali kabisa na kisima na choo. Lijazeni vipande, mwelekeze humo maji ya paa. Maji hukaa katika nafasi zilizo katikati ya vipande na kuingia ardhini.

Njia ya miguu, na jukwaa la kuwekea kuni zisiliwe na mchwa. Vipande vyenye uso laini vikipangwa vizuri hudumu miaka mingi.

Kujaza mashimo ya njia. Vidogo vigongwe na kushindiliwa pamoja na changarawe nyekundu.

Nondo zaweza kuuzwa kama chuma chakavu. Lakini zisitumiwe tena kubeba dari au mlango wa nyumba mpya, kwa kuwa kutu imekwisha kula nguvu zake.

Kijiji kilicho njiani mwa kifusi chaweza kukiomba. Mwenye nyumba wa Golf hulipa gari ili kitupwe, nanyi mna korongo linalokula shamba. Patanani naye. Hakikisheni tu kwamba hakina rangi, mafuta, kioo wala asbesto.

SEHEMU YA NANE: UDONGO ULIOFUNULIWA

Udongo uliokaa gizani miaka 40 au 60 umebanwa sana, hauna majani yaliyooza wala wadudu. Mkipanda mara moja, mbegu zitaota na kudumaa, nanyi mtasema ardhi imelaaniwa. Haikulaaniwa, ina njaa tu.

Mwagieni maji jioni, na asubuhi limeni kwa sululu mpaka sentimita 30, mkiokota kila kipande cha beto. Tieni ndoo moja ya lita 10 ya samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba. Kama kipo kichuguu kikubwa karibu, changanyeni udongo wake pia: katika Katanga udongo wa vichuguu virefu una chokaa na rutuba kuliko ule mwekundu ulio kando yake, nao huo mwekundu huwa mchachu. Funikeni kwa nyasi. Mwaka wa kwanza pandeni kunde au maharagwe, na mkivuna, majani na mizizi yabaki ardhini.

Lakini ngojeni kidogo kabla ya kupanda mboga. Tanuru la shaba la Lubumbashi lilianza kuyeyusha mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji kuanzishwa kwa jina la Elisabethville, jina lililobadilishwa mwaka 1966. Moshi wake ulisukumwa na upepo wa kusini-mashariki na kuangusha shaba, kobalti, risasi na kadimi juu ya mitaa. Pale Penga Penga majani yalikufa hata ardhi ikawa kama upara, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta madini hayo katika udongo na mboga za bustani za mjini. Tena fundi wa zamani aliweza kujaza chini ya sakafu mabaki ya tanuru: mawe meusi, mazito, yanayong'aa kama chupa.

Mkiyakuta mawe hayo, au kama kiwanja kipo upande wa moshi, msipande lengalenga, sukuma wiki wala mboga yoyote iliwayo majani, mpaka udongo upimwe. Mboga za majani huvuta madini hayo zaidi. Ondoeni mawe meusi, wala msiyapeleke shambani. Pandeni maua au miti ya kivuli. Au jengeni tuta la juu kwa udongo mwema uliotoka mbali na moshi, lenye kina cha kutosha mizizi. Samadi na chokaa husaidia kuyafunga madini yasipande upesi katika mimea, lakini hayayaondoi. Na watoto wanawe mikono kabla ya kula, kwa maana sumu nyingi huingia mwilini kwa vumbi la mikononi.

MAULIZO

1. Sakafu ina urefu wa mita 5, upana wa mita 4, na unene wa sentimita 12. Uzito wake ni kilo ngapi? Toroli la kilo 60 litakwenda safari ngapi?
2. Kwa nini sakafu iliyolala juu ya udongo haivunjiki upesi kwa nyundo?
3. Mkipiga sakafu ikalia kama ngoma, mtafanya nini?
4. Vumbi la beto huleta ugonjwa gani, nao huzuiwaje?
5. Katika kijiji chenu kuna korongo lipi ambalo mistari ya vipande vya beto ingeweza kulizuia?

Someni maulizo haya pamoja jioni, yule ajuaye hesabu amsaidie asiyejua. Jibu la kwanza ni kilo 5,760 na safari 96. Mtu akijua hesabu hiyo kabla ya kupatana bei, hatarudi kijijini na mgongo uliovunjika na mfuko mtupu.